Mdomo wa Kishore, sauti ya nani?

Kwenye filamu ya Raagini ya mwaka 1958 upo wimbo wa mahadhi ya kiklasiki uitwao "Man Mora Baawra". Anayeuimba kwenye skrini ni Kishore Kumar. Kamera iko kwake, midomo inakwenda, na sauti inayotoka ni ya Mohammed Rafi.

Kwa asiyemjua Kishore, hilo si jambo. Filamu za Kihindi ndivyo zilivyo, mmoja anatoa sura na mwingine anatoa sauti. Lakini huyu ni Kishore Kumar bwana, mwimbaji ambaye hadi leo huwezi kukaa kwenye teksi ya Mumbai bila kumsikia. Kumtafutia yeye mtu wa kumwimbia! Mtunzi wa muziki, O. P. Nayyar, aliona wimbo ule unataka koo lililosomeshwa raga, zile ngazi za sauti za muziki wa kiklasiki wa Kihindi, na Kishore hakuwahi kukaa chini ya ustadh yeyote. Akaitwa Rafi. Mwaka uliofuata, kwenye Shararat, ikawa vilevile: Kishore anaonekana, Rafi anasikika, wimbo "Ajab Hai Dastan Teri Ae Zindagi". Wimbo mzuri sana, na mimi kila nikiutazama nacheka peke yangu.

Filamu za Kishore za miaka ya 1950 na 1960 nimezitazama nikarudia, kwa sababu nyingi zipo YouTube nzimanzima na ukosefu wa usingizi ni mali ya bure. Wapenzi wa nyimbo zake huzipita haraka. Huziona kama mchezo wa ujanani aliokuwa akiufanya huku akisubiri kuwa mwimbaji mkubwa. Sikubaliani nao. Vichekesho vile vinauliza swali moja kwa njia ishirini: sauti hii ni ya nani, na huyu anayefungua mdomo ni nani? Na hakuna mtu India nzima aliyekuwa na haki ya kuuliza hivyo kama yeye, maana kwake sura na sauti vilikuwa chini ya paa moja.

Pwani kwetu swali hilo watu walilijua vizuri. Mama yangu mkubwa alikulia Unguja, na sinema yake ilikuwa Majestic ya Vuga, kwenye maonyesho ya wanawake peke yao. Kihindi hajui zaidi ya pyar, dil na zindagi, lakini ukimwekea wimbo wa zamani atakwambia nani kaufungulia mdomo na nani kauimba kweli. Raj Kapoor ni Mukesh. Dilip Kumar mara nyingi ni Rafi. Nargis ni Lata. Hakuona kwamba ni udanganyifu. Leo msanii wetu akipanda jukwaani akapiga pleibeki, watu wanazomea na kudai viingilio vyao. Majestic watu walilipa kuona pleibeki na wakarudi wiki inayofuata wakiwa wameshika tuni. Huko Mombasa waimbaji wa taarabu akina Juma Bhalo wakaisogeza sauti hatua nyingine: tuni ya filamu ikabaki, maneno yakawa mashairi ya Kiswahili, na harusini watu wakalia kwa wimbo ambao Bombay, ndiyo Mumbai ya leo, ulikuwa wa jambo jingine kabisa.

Kwa Kishore, mama mkubwa hana muda. "Yule? Yule si mwimbaji, mwanangu. Yule mwendawazimu. Mwimbaji Rafi."

Hayuko peke yake. Kishore mwenyewe alisaidia sana kueneza habari hiyo ya uwendawazimu.

Alizaliwa Khandwa, katikati ya India, tarehe 4 Agosti 1929, akapewa jina Abhas Kumar Ganguly. Baba alikuwa mwanasheria. Kaka yake mkubwa, Ashok Kumar, alimpita miaka kumi na minane, na kufikia miaka ya 1940 alikuwa stelingi mkubwa wa studio ya Bombay Talkies. Kishore alipomfuata Bombay alikuwa na shabaha moja, kuimba kama K. L. Saigal, mwimbaji wa kizazi cha mwanzo ambaye aliigiza na kuimba mwenyewe. Kaka akataka mdogo wake awe mwigizaji. Akaonekana kwa mara ya kwanza katika Shikari, 1946. Wimbo wake wa kwanza wa peke yake ukaja 1948 kwenye Ziddi, na hata huo hakuufungulia mdomo yeye: ulikuwa wa Dev Anand. Anaimba kwa kuiga Saigal mtupu. Ukiusikiliza leo bila kuambiwa, humtambui.

Mwaka 1985, miaka miwili kabla ya kufa, alimwambia mwandishi Pritish Nandy wa Illustrated Weekly kwamba uigizaji alisukumiwa tu. Alitaka kuimba. Anasema alijaribu kila njia wamfukuze: alikosea maneno makusudi, akanyoa kichwa, akapiga ukelele wa kupindua sauti katikati ya mandhari za msiba, akamwambia Meena Kumari maneno aliyotakiwa kumwambia Bina Rai kwenye filamu nyingine. Hawakumwachia. Mahojiano matamu sana, na mimi nayaamini nusu. Mtu anayetaka kutoroka kazi hachezi kwa bidii ile. Tazama miguu yake. Kila kiungo kinacheza, hadi masikio.

Ukweli mwingine ni kwamba wenye muziki walimwona mwigizaji. Bimal Roy alipotengeneza Naukri mwaka 1954, Kishore akiwa ndiye mhusika mkuu, mtunzi Salil Chowdhury alikuwa amepanga wimbo "Chhota Sa Ghar Hoga" uende kwa Hemant Kumar. Sababu ni ileile: kijana huyu hajasoma muziki. Kishore akambembeleza hadi akapewa nafasi ya kuimba kwa mdomo wake mwenyewe. Likumbuke jina la Salil Chowdhury, tutalirudia.

New Delhi ya 1956 sitakaa nayo sana, ingawa naipenda. Kijana wa Kipunjabi anatafuta chumba cha kupanga Delhi, na kila mwenye nyumba anataka mpangaji wa kabila lake. Jamaa anajigeuza Mtamil. Anapata chumba, kisha anampenda binti wa Kitamil, Vyjayanthimala, na uongo unaanza kumla. Aliyewahi kutafuta chumba kupitia dalali katika mji wowote mkubwa hahitaji tafsiri. Mwaka uliofuata, kwenye Asha, akaja na "Eena Meena Deeka" ya C. Ramchandra, maneno yasiyo na maana yoyote, na mwili uliokuwa ukihangaika kuyapa maana.

Sasa Chalti Ka Naam Gaadi, 1958. Ndugu watatu wa kweli, Ashok, Anoop na Kishore, wanacheza ndugu watatu wenye gereji. Mkubwa amewachukia wanawake na amewapiga marufuku wenzake hata kuwataja. Wana gari bovu la zamani la wazi, Chevrolet la miaka ya 1920, ambalo kwenye filamu linachekesha kuliko waigizaji wengi ninaowajua. Muziki wa S. D. Burman, mashairi ya Majrooh Sultanpuri.

Usiku wa mvua kubwa, mwigizaji Madhubala anaingia gereji, gari limezimika, sari imemganda mwilini. Kishore analazimika kufanya kazi usiku ule. Basi anafanya, na kuimba: "Ek Ladki Bheegi Bhaagi Si", msichana mmoja aliyelowa. Anamwimba mtu aliye mbele yake kana kwamba hayupo. Hapo ndipo ninapomtaka mama mkubwa atulie atazame. Wimbo mzima haujengwi na ngoma tu, unajengwa na vyuma vya gereji: anagonga hapa, anagonga pale, anainama kwenye boneti, anachungulia, na kila pigo linakaa mahali pake kwenye mdundo. Madhubala anaanza amekasirika. Kisha anaanza kuficha kicheko, na anakificha vibaya, ndiyo maana nampenda. Sauti ya Kishore humo haina hata chembe ya Saigal. Iko karibu na kuongea, inateleza, inanong'ona neno moja halafu inalitupa jingine juu. Watu husema mahadhi yana harufu ya wimbo wa Kimarekani wa wachimba makaa, na harufu ipo kweli, lakini anachofanya Kishore juu yake hakikutoka Marekani. Kimetoka kwenye mabega yake. Sauti ile imeandikwa na mwili, na hapo naona ndipo mwimbaji tunayemjua alipozaliwa, akiwa ameshika spana.

Msichana anaondoka bila kulipa. Deni ni rupia 5 na ana 12. India ilikuwa ndiyo kwanza imeanza hesabu ya desimali, 1957, lakini mdomoni watu walikuwa bado na ana zao, kumi na sita kwa rupia. Kishore anakwenda kudai, na dai lenyewe linakuwa wimbo: "Paanch Rupaiya Barah Aana". Mwanamume anamwimbia mwanamke mrembo kuliko wote India, na anachomwimbia ni bili.

Halafu "Haal Kaisa Hai Janaab Ka", wimbo wa wawili. Hesabu watu: Kishore kwa Kishore, na Madhubala kwa sauti ya Asha Bhosle. Nyuso mbili, watu watatu. Yeye kakamilika, mwenzake kagawanywa, na bado hisia ziko sawa pande zote mbili. Nikitazama hapo huwa nakubali kwamba mfumo mzima wa pleibeki haukuwa uongo.

Wawili hao wakaoana 1960. Madhubala alizaliwa na tundu la moyo, na kufikia wakati huo ugonjwa ulikuwa umeshamwelemea. Filamu zao mbili zilizofuata, Jhumroo ya 1961 na Half Ticket ya 1962, ni za kicheko mwanzo mwisho. Sijaribu kutafuta huzuni ndani yake. Wengine hufanya hivyo, wanasimamisha picha na kutazama macho yake. Mimi naona ni kumkosea heshima mtu aliyekuja kazini kuchekesha na akachekesha.

Jhumroo ni filamu ya Kishore kuliko zote: hadithi yake, muziki wake, sauti yake, na ule ukelele wa kupindua sauti kutoka kifuani kwenda juu kooni kwa ghafla, kama wafanyavyo wachungaji wa milima ya Ulaya. Inasemekana alijifunza kwenye santuri za kaka yake Anoop. Katikati ya vurugu zote hizo amepachika wimbo mmoja mpole, "Koi Humdum Na Raha". Wimbo ule kaka yake Ashok aliuimba kwenye Jeevan Naiya mwaka 1936, zama ambazo mwigizaji alilazimika kujiimbia apende asipende. Ashok hakuwa mwimbaji, na alijua. Mdogo akauchukua baada ya robo karne na kuuimba inavyopaswa. Katika familia nyingine hiyo ingekuwa kesi.

Half Ticket ndiyo ninayoirudia zaidi. Mtoto wa tajiri, mtu mzima mwenye akili za kitoto, anatoroka nyumbani. Stesheni hana nauli ya tiketi nzima ya Bombay. Basi anavaa kama mtoto, anajiita Munna, anakata tiketi ya nusu. Jambazi, ambaye ni Pran, anampachika almasi mfukoni ili ipite salama, na kutoka hapo hadi mwisho ni kufukuzana. Kishore alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu wakati huo. Amevaa kaptula, ana kofia, analia kwa kubinua mdomo wa chini, na wasafiri wenzake wanakubali kwamba huyu ni mtoto. Kwa nini tunakubali na sisi? Nimelifikiria sana hilo. Nadhani ni sauti. Analia kama mtoto anavyolia kweli, ile pumzi ya kati ambayo mtoto anajisikiliza kama kuna anayekuja.

Kilele ni "Aake Seedhi Lagi Dil Pe". Kishore anamkimbia Pran, kajificha kwa kuvaa nguo za kike, na inabidi wacheze na kuimba wote wawili mbele ya watu. Wimbo ni wa mwanamume na mwanamke. Mtunzi ni nani? Salil Chowdhury, yuleyule wa Naukri. Sehemu ya kike ilikuwa ya Lata Mangeshkar, lakini hakupatikana siku ya kurekodi, na Kishore akasema ataimba pande zote mbili. Akaimba. Miaka minane nyuma mtunzi huyu hakutaka kumpa wimbo mmoja wa kiume. Sasa kampa na wa kike juu yake.

Tazama kinachotokea kwenye skrini. Kishore, mwanamume aliyevaa kama mwanamke, anafungua mdomo na inatoka sauti yake ya kike. Pran anajibu, midomo yake mikali ya ujambazi inakwenda, na inayotoka ni sauti ya Kishore tena. Yaani Kishore anatongozwa na Kishore. Sauti ya kike haiigi Lata wala Asha. Ni nyembamba, ina madaha, ina kejeli kidogo, na inapokwenda juu inaingia kwenye eneo lile la ukelele wa Jhumroo. Ya kiume iko chini, nzito, ya mtu anayejiona. Kati ya mstari na mstari hakuna hata nafasi ya kuvuta pumzi. Pran anastahili sifa zake pia. Alikuwa adui wa kuogopwa kwenye sinema za Kihindi, na hapa anachezeshwa kama mdoli na haachi hata mara moja kuwa adui. Kila anapozunguka jicho lake liko kwenye almasi.

Baada ya hapo ilikuja miaka ya filamu nyingi dhaifu. Aliongoza mwenyewe Door Gagan Ki Chhaon Mein, 1964, filamu ya huzuni ya askari na mwanawe bubu, mtoto akichezwa na mwanawe wa kweli, Amit. Hapa naitaja tu, si ya kundi hili.

Padosan ikatoka 1968, na kama ningekuwa natunga hoja yangu nisingeweza kutunga ushahidi mzuri zaidi. Bhola, ambaye ni Sunil Dutt, anampenda jirani yake Bindu, Saira Banu, dirisha kwa dirisha. Bindu anapenda muziki, ana mwalimu wa muziki, Mehmood, ambaye naye anamtaka. Bhola hajui kuimba hata kidogo. Rafiki yake Vidyapati, kiongozi wa kikundi cha maigizo, anajaribu kumfundisha na anashindwa kabisa. Vidyapati ni Kishore: nywele ndefu, wanja machoni, tambuu shavuni. Suluhisho? Bhola asimame dirishani afungue mdomo, na Vidyapati ajifiche nyuma yake aimbe. Bindu anasikia "Mere Saamne Wali Khidki Mein" na moyo unamtoka.

Wameileta pleibeki yenyewe ndani ya hadithi. Kazi ambayo kila siku ilifanyika studio, nyuma ya kioo, sasa tunaiona: mwenye sura mbele, mwenye sauti kachutama nyuma yake. Na Kishore kule nyuma hakai kimya kama mashine. Anaigiza kila neno kwa mikono na nyusi, mapenzi yote yanapita usoni mwake, uso ambao msichana haoni.

Kisha shindano la "Ek Chatur Naar". Upande mmoja Mehmood, kwa sauti ya Manna Dey, mtu aliyelelewa kwenye muziki wa kiklasiki na ami yake K. C. Dey. Upande wa pili Bhola, kwa sauti ya Vidyapati, yaani Kishore asiye na shule. Hadithi inamtaka Mehmood ashindwe, na inasimuliwa kwamba Manna Dey hakuufurahia mpango wa fundi kushindwa na mchekeshaji. Kwa ufundi hashindwi, tusidanganyane. Anazungusha raga vizuri kabisa. Kishore anatoka nje ya raga, anarudi, anaongea, anamdhihaki, anamharibia hesabu. Anashinda kama watu wa mtaani wanavyoshinda ubishi. Na mstari wenyewe wa "Ek Chatur Naar"? Ni wa kaka tena: Ashok Kumar aliuimba kwenye Jhoola, 1941.

Jambo moja linanikera Padosan: Mehmood kampaka mwalimu yule wa kusini mwa India kila dhihaka ambayo watu wa kaskazini wanayo juu ya watu wa kusini, lafudhi, alama za paji la uso, nywele. New Delhi miaka kumi na miwili nyuma ilikuwa imeshafanya filamu nzima dhidi ya tabia hiyo, na Kishore huyohuyo ndani yake.

Madhubala alifariki Februari 1969, akiwa na miaka 36. Mwaka huohuo ikatoka Aradhana, Kishore akiwa sauti ya Rajesh Khanna, na "Roop Tera Mastana" ukampa tuzo yake ya kwanza ya Filmfare ya uimbaji, kati ya nane alizopata. Tangu hapo uigizaji ukawa wa kupita tu. Akawa Vidyapati wa kila mtu: wa Rajesh Khanna, wa Dev Anand, wa Amitabh Bachchan. Mwaka 1976, wakati wa hali ya hatari ya Indira Gandhi, alikataa kuimba kwenye mkutano wa chama cha Congress, na redio ya taifa ikazifungia nyimbo zake. Aliyefungiwa ni yule wa nyuma ya dirisha.

Mkitaka kuzitazama, msianze na Padosan kwa sababu tu ina rangi. Mtadhani Kishore ni msaidizi wa Sunil Dutt. Anzeni na Chalti Ka Naam Gaadi. Half Ticket itafuteni nakala nzima, maana zipo zilizokatwa nyimbo, na Half Ticket bila nyimbo ni watu wazima wanakimbizana stesheni. Ile ya 1974, Badhti Ka Naam Dadhi, aliyoiongoza mwenyewe, ya urithi wa mali na ndevu ndefu, na ndugu zake wote wawili wamo, mimi niliimaliza kwa ukaidi. Mama mkubwa alivumilia dakika chache akaomba arudishiwe Rafi, na siku ile sikumbishia.